Babu Aenda Chuoni Kuugua

Saint-Elzéar, Maine
5 Oktoba 1998

Lise mjukuu wangu,

Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa na kubandikwa upya, kwa hiyo mwenye posta alijua habari zako kabla yangu. Akanipa mkono wa pongezi hata sijapasua bahasha. Vyuo viwili vya udaktari msaidizi vimekukubali kwa mpigo. Nimemsomea paka. Hakushangaa, nami sikushangaa, ila mmoja wetu alitokwa na machozi na siyo paka.

Sasa ngoja nikuseme kidogo. Unaandika kwamba unaelekea kuchagua chuo cha huku bondeni kwa sababu "kina mwamko". Mwamko. Mimi ndiye niliyekulea tangu una miaka tisa, na ukiwa unadanganya huwa unatafuta neno zuri. Wewe unataka kurudi huku kunichunga. Unaniona mzee wa miaka sabini na moja, bibi yako hayupo tena, niko peke yangu na jiko la kuni, na unadhani siku moja utapigiwa simu kwamba nimekutwa nimekaukia kwenye kiti. Inawezekana. Lakini nitakaukia hata ukiwepo, tofauti ni kwamba utakuwa umesoma chuo kibovu.

Hicho cha huko Boston kimekuzidi umri, kina hospitali yake na maiti zake za kujifunzia. Hiki cha kwetu kimefunguliwa juzi kwenye ghala la viazi la zamani, na ukiingia bado kunanuka viazi. Hawana maiti hata moja. Wakisubiri kidogo nitawasaidia.

Watu wa hapa hata kazi yenyewe hawaielewi. Gédéon jirani aliniuliza unasomea nini. Nikamwambia, atakupima, atakuambia unaumwa nini, atakuandikia dawa, atakushona ukijikata na shoka, na likiwa zito anamuuliza daktari aliye juu yake. Akasema, "Sasa huyo daktari anafanya nini?" Nikamwambia anacheza gofu.

Umeniambia wote wanataka jibu kabla ya tarehe 10 Desemba. Basi nina mpango. Jumapili Padri alitangaza kanisani kwamba chuo cha bondeni kinatafuta wazee wa kujifanya wagonjwa, ili wanafunzi wajizoeze kupima. Nimejiandikisha. Nitaingia mle kama mgonjwa na kutoka kama mpelelezi, na nitakuletea habari zao zote. Ukichagua, uchague kwa macho makavu, usichague kwa kunihurumia.

Simu usipige. Hivi vidude vya masikioni vinapiga mluzi nikiweka simu, nasikia kama naongea na birika.

Babu yako,
Adélard Ouellette
(darasa la sita, tena kwa shida)


Boston
12 Oktoba 1998

Babu mpendwa,

Mpelelezi gani anatangaza kwenye barua inayofunguliwa posta?

Lakini sawa, nenda. Nitakuambia kinachonisumbua ili ujue cha kutazama. Chuo cha huku kina jina. Ukisema umesoma hapo, mlango unafunguka. Ila nimebeba wagonjwa kwenye gari la wagonjwa miaka mitatu sasa, nawaona wanafunzi wao wodini: wamesimama nyuma ya madaktari wanafunzi, ambao nao wamesimama nyuma ya madaktari. Sijui kama wanagusa mtu.

Cha bondeni wanasema unaanza kupima watu mwezi wa pili. Hilo nalipenda. Lakini bado wana ithibati ya muda tu. Wakaguzi wa taifa wanakuja mwakani, na wakiwakatalia sijui cheti changu kitafaa nini zaidi ya kuwashia jiko lako.

Kwa hiyo nitazamie haya. Mwanafunzi akikosea, mwalimu anafanya nini? Na wanapokupima, wanakutazama wewe au wanaitazama karatasi? Usinipambie, na usiwapake matope ili nibaki huku. Ninakujua.

Na jingine. Kiangazi ulisimama katikati ya ngazi za ghala lako ukasema unamtazama buibui. Buibui gani wa kutazamwa muda wote ule? Unahema vizuri?

Nakupenda. Kula kitu kingine zaidi ya zile chapati zako za ploye na siagi.

Lise wako


Saint-Elzéar
21 Oktoba 1998

Lise,

Nimekuwa mgonjwa wiki nzima na sijawahi kufurahi hivi tangu harusi yangu.

Wamenipa karatasi. Mimi ni Bwana Brown, fundi bomba, mgongo unaniuma tangu Jumanne, sivuti sigara. Maisha gani hayo. Nikaona nimsaidie huyo Brown, nikamwambia mwanafunzi wa kwanza kwamba mgongo ulianza siku mke wangu alipotoroka na muuza matrekta. Kijana akaacha kupima, akaniletea maji na kunishika bega. Mwalimu wao, Bi Rosaline Pinette, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufukuza mbwa, akafungua mlango. "Bwana Ouellette, mke wa Bwana Brown hajatoroka. Fuata karatasi." Nikamwambia bila mke kutoroka mgongo huu hauna maana. Akasema, "Basi uumie bila maana, ndivyo wanavyoumia wengi." Nimempenda sana. Usimwambie Padri.

Umeuliza wanatazama nini. Wengi wanatazama karatasi, wameogopa kama ndama siku ya mnada. Lakini Bi Pinette anawafanya wapashe mikono moto kwapani kabla ya kukugusa, na asiyefanya hivyo anatolewa nje kuanza upya, abishe hodi, aseme jina lake. Mmoja alibisha hodi mpaka nikataka kumkaribisha kahawa. Kushona wanajifunzia kwenye miguu ya nguruwe kutoka bucha la Gédéon. Gédéon anasema sasa anauza miguu iliyoshonwa vizuri kuliko mguu wake mwenyewe.

Jambo moja la kujivunia. Chumba chetu kiko juu, ngazi ni zilezile za ghala la zamani, na nikifika huwa nahema. Mwalimu akaliambia darasa zima, "Tazameni mzee huyu anavyojua kuigiza. Hivyo ndivyo mtu mwenye maumivu anavyohema." Watoto wakaandika. Kumbe nina kipaji, nimekipoteza bure miaka yote shambani kwenye viazi.

Buibui alikuwa mkubwa.

Babu


Boston
28 Oktoba 1998

Babu,

Nimecheka mpaka dereva wangu akasimamisha gari akidhani ninalia.

Jana nilikwenda kuketi darasani kwao huku kwa siku nzima, waliniruhusu. Nitakuambia kweli: ni wazuri. Mwalimu wa moyo alifundisha saa mbili bila kutazama daftari na sikutaka amalize. Baadaye mwanafunzi wa mwaka wa pili alinipeleka chumba cha maiti, akanionyesha mapafu ya mtu aliyechimba mawe maisha yake yote. Nikafikiria kwamba hapa ningejua vitu ambavyo bondeni havipo. Nikamuuliza, lini mara ya mwisho umekosea na mtu akakuambia? Akafikiri. Akasema, "Huku tunajitahidi tusikosee." Ni jibu zuri. Sijui kwa nini limenikaa kooni.

Ningefurahi hapa, Babu. Ningefurahi, kisha kila nikisikia simu ya usiku ningedhani ni wewe. Hilo ndilo nililokuwa ninalificha nyuma ya neno zuri. Umelipata.

Hilo la kuhema kwako silipendi. Bwana Brown anaumwa mgongo. Mtu wa mgongo hahemi kwa kupanda ngazi. Nenda ukapimwe na mtu asiyekuwa na karatasi.

Nijibu hilo kwanza, ndipo uniambie ya chuo.

Lise


Saint-Elzéar
10 Novemba 1998

Mpendwa Lise,

Samahani kwa kuchelewa. Theluji imeanza.

Kuhusu chuo cha hapa, nimekitazama vya kutosha. Hakifai. Walimu ni wachache na jengo ni baridi. Nakushauri uchague cha Boston. Ni kizuri na kina jina, kama ulivyosema mwenyewe. Waandikie mapema.

Mimi sijambo.

Babu yako,
Adélard Ouellette


Boston
14 Novemba 1998

Babu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nimekaa.

Umeandika ukurasa mzima bila kumtukana mtu. Hukumtaja Gédéon, hukumtaja Bi Pinette unayempenda. Umeniita "mpendwa". Mara ya mwisho uliandika hivi ni ulipomjulisha shangazi kwamba Bibi amefariki.

Sasa sikiliza. Ulinikataza nisichague chuo kwa ajili yako. Ijumaa ijayo nitawaandikia Boston kuwakubalia, kwa sababu umeniambia hicho cha bondeni hakifai, na mimi huamini unachoniambia. Nitakuwa nimechagua chuo kwa ajili yako. Kama barua yako ni ya uongo, nitasoma miaka miwili na zaidi juu ya uongo wako, na nikimaliza nitapima watu kwa mikono niliyoipata huko.

Ni juu yako.

Lise


Saint-Elzéar
17 Novemba 1998

Lise,

Umepata wapi ukali huu? Kwa bibi yako, najua.

Haya. Kaa tena.

Ilikuwa siku ya mtihani wao. Wanafunzi wanane wanaingia kwa zamu, kengele ikilia mmoja anatoka na mwingine anaingia, na Bwana Brown anaumwa mgongo kwa wote sawasawa. Kila mmoja lazima asikilize kifua kidogo, ni utaratibu tu, kwenye karatasi imeandikwa kifua ni kizima, hakina kasoro. Walipita saba. Wote waliweka stethoskopu, wakaandika kizima. Wawili walisikia kitu, nikaona wanatabasamu. Mmoja akanikonyeza. Baadaye walikiri walidhani ni maigizo yangu. Watoto wenye akili, Lise, wameshinda mitihani ya kila namna, na wakaamini mzee anaweza kuigiza mlio ndani ya moyo wake. Ni kosa langu pia. Nilikuwa nimewazoesha kwamba kwangu kila kitu ni mchezo.

Wa nane ni Darlene, mtoto wa Saucier wa kinu cha mbao, msichana mpole, wa kwanza kupasha mikono na wa mwisho kumaliza kila kitu. Akasikiliza. Akahamisha mahali. Akaniambia nizuie pumzi. Kisha akaweka karatasi yake sakafuni.

"Bwana Brown, jina lako halisi nani?"

Nikamwambia hairuhusiwi.

"Sema tu."

"Adélard."

"Adélard, hiki ninachosikia hakipo kwenye karatasi, sivyo?"

Nikataka kusema neno la kuchekesha. Nikaliacha. Nikamwambia, "Ninapopanda ngazi naona giza, mwanangu." Sijui kwa nini nilimwambia yeye na sikukuambia wewe. Labda kwa sababu hakuwa na chuo cha kuchagua.

Akafungua mlango kengele haijalia. Kufanya hivyo ni kujifelisha mwenyewe.

Ni vali ya moyo. Imekakamaa kama bawaba ya banda, haifunguki vizuri, damu inapita kwa kubanwa. Wanasema ni ya kubadilisha. Wanapasua kifua. Wakiiacha, sitaona viazi vya mwakani vikiota.

Sasa unaona shida yangu. Nikikuambia chuo ni kizuri, utauliza nimejuaje. Nikikuambia nimejuaje, utafunga mizigo na kuja, na utakaa hapa kwa ajili ya bawaba yangu. Nikaona heri nikiue chuo.

Chuo ni kizuri, Lise. Jengo ni baridi kweli.

Babu


Boston
21 Novemba 1998

Babu,

Nimelia kwanza, kisha nimekasirika, kisha nimepika supu na kuiunguza. Kuhusu moyo wako nitaandika nikitulia. Nimekwisha ongea na madaktari ninaowajua huku.

Lakini kuna kitu hujaniambia. Baada ya Darlene kufungua mlango, mwalimu alifanya nini?

Lise


Saint-Elzéar
26 Novemba 1998

Lise,

Leo ni Sikukuu ya Shukrani, na Gédéon ameniletea bata mzinga aliyemshona tumbo mwenyewe ili aonyeshe kwamba naye anaweza. Uzi umebaki ndani ya nyama. Tumekula kwa tahadhari.

Mwalimu alifanya hivi. Aliingia, akaomba ruhusa yangu, akapasha mikono yake kwapani, hata yeye, akasikiliza muda mrefu. Akawaita wote wanane wakasimama ukutani. Nilidhani atamsifu Darlene. Hakumsifu. Akamwambia, "Wewe utarudia mtihani, kwa sababu mgongo hujaupima kabisa." Akawageukia wale saba. "Nanyi mtarudia, kwa sababu mmeandika msichosikia." Darlene akasema sawa. Hakuna aliyebisha.

Halafu akasema jambo ambalo mpaka leo naliwaza. Akasema, "Na mimi nimemsikia mzee huyu akihema wiki nyingi, nikamsifu mbele yenu kwa kuigiza. Mkaandika kwa sababu nilisema. Fungueni madaftari, mkate hayo maneno, mwandike kwamba Pinette alikosea, na alikosea hivi." Akasubiri waandike, mmoja mmoja, akipita nyuma yao kuona. Shavu lake lilikuwa jekundu lakini hakuharakisha. Ndipo akanivalisha koti langu na kunipeleka hospitali kwa gari lake, akinikataza kuongea njia nzima. Niliongea njia nzima.

Nitapasuliwa huko kwenu Boston, tarehe 8 Desemba, asubuhi. Hospitali ya hapa haifanyi kazi hiyo. Kwa hiyo umeona, huna haja ya kuja bondeni kunichunga, ni mimi ninayekuja huko. Na nikitoka nitakuwa na vali mpya, nitakimbia kuliko wewe. Ile sababu yako ya kunihurumia imekwisha. Sasa chagua.

Babu


Boston, ukumbi wa kusubiri
8 Desemba 1998

Babu,

Wamekuingiza muda si mrefu. Ulimwambia yule wa dawa ya usingizi kwamba kama vali haipatikani wachukue ya trekta la Gédéon. Mlango ulipofungwa nilibaki nimeshika vidude vyako vya masikioni, bado vya moto.

Sijui kama utaisoma barua hii. Ndiyo maana naiandika sasa, kabla sijajua.

Nimetoka kwenda kwenye simu ya korido. Nimewapigia Boston nikawashukuru, nikawaambia wampe nafasi mwingine. Kisha nikawapigia bondeni. Bi Pinette mwenyewe aliinua. Nikamwambia nakuja. Akauliza unaendeleaje, nikasema bado wamekufungua kifua. Akasema, "Basi subiri, usiamue leo." Nikamwambia ni lazima leo. Ni lazima iwe sasa hivi, ukiwa huko ndani, kabla mtu yeyote hajajua utatoka vipi.

Kwa sababu ukitoka hai ungesema nimekwenda bondeni ili nikae nawe. Ukitoka maiti, watu wangesema nimekwenda kwa ajili ya kumbukumbu yako. Leo, saa hii, huko bondeni hakuna anayenisubiri kwa hakika isipokuwa chuo. Na nimekitaka.

Chuo cha huku ni kizuri, sina neno baya. Ningetoka hapo najua mengi. Ila mimi najijua, Babu. Mimi ni mtu wa kusikia kitu na kutabasamu nikidhani mkubwa wangu anajua zaidi. Ningekuwa mmoja wa wale saba. Nataka kufundishwa na mtu anayesema mbele ya watoto kwamba amekosea, kisha anasubiri waandike. Wakaguzi wakiwakatalia mwakani, nitakuwa nimepata hasara. Nimelifikiria hilo pia, na limenitisha, na bado.

Daktari ametoka mlangoni. Anatafuta mtu kwa macho. Nainuka.

Lise


Boston, wodini
13 Desemba 1998

Lise,

Nakuandikia ingawa najua uko ghorofa ya chini unanunua kahawa. Koo bado linauma kwa ule mpira walioniingizia, na haya nisingeweza kuyasema hata kama lisingeuma.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nilitafuta mahali pa kukubishia sikupaona, nimeumia sana.

Asubuhi uliniuliza naendeleaje, nikakuambia yule muuguzi wa zamu ana masharubu. Uliuliza kwa sauti ya mtu atakayekuwa akiuliza watu swali hilo maisha yake yote, nami nikakupa masharubu. Basi sasa nakujibu.

Kifua kinauma nikikohoa, na nikicheka kinauma zaidi, kwa hiyo naogopa wageni. Mguu wa kushoto una ganzi kwenye vidole. Sijapata choo tangu Alhamisi. Asubuhi nikiamka, kabla sijafungua macho, huwa sijui bibi yako amekufa, kisha nakumbuka, na hilo lilianza zamani, kabla ya moyo. Nilipopelekwa kule ndani niliogopa. Sasa naogopa kidogo zaidi, kwa sababu nimeanza kutaka kuona jinsi utakavyokuwa.

Muuguzi atakuletea barua hii huko chini; ukipanda juu usiseme umeisoma. Kaa tu hapa kitandani, upande wa sikio zuri.

Babu